Kipandauso kwa Watoto: Nafasi ya Lugha na Daftari katika Kuvitambua Vichochezi, kwa Mifano ya Meru na Embu

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Methali hii yaafiki mno hali ya mtoto anayeumwa na kichwa mara kwa mara. Mtoto aliyevunjika mkono huonwa na kila mtu. Plasta huwa shahidi wake. Mtoto mwenye homa huguswa kipaji cha uso, na joto la mwili likamtetea. Lakini mtoto mwenye kipandauso hana shahidi ila maneno yake mwenyewe. Asubuhi amejikunja kitandani, hataki mwanga wala kelele, na chai aliyopewa ameitapika. Jioni yuko uwanjani anacheza mpira na wenzake. Yeyote aliyemwona katika nyakati hizo mbili huingiwa na shaka: je, huyu alikuwa mgonjwa kweli, au alikuwa akiikwepa shule?

Makala haya yanadhamiria kuijibu shaka hiyo na kueleza jinsi mzazi na mwalimu wanavyoweza kumsaidia mtoto wa aina hii. Hoja yetu kuu ni kwamba kipandauso ni ugonjwa unaotambuliwa hasa kwa lugha. Hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha, wala picha ya ubongo inayouonyesha; picha hizo hupigwa ili kuondoa uwezekano wa maradhi mengine. Daktari husikiliza, huuliza, humkagua mgonjwa, kisha huamua. Ikiwa mtoto hana maneno ya kueleza maumivu yake, au anayo lakini hasikilizwi, ugonjwa wake hubaki bila jina. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi na mwalimu wa Kiswahili wana mchango katika jambo hili, ingawa kwa mtazamo wa kwanza linaonekana kuwa la matabibu peke yao.

Mifano yetu tumeitoa katika maeneo ya Meru na Embu, mashariki ya Mlima Kenya. Wengi wetu tumezaliwa huko, na wengine hupelekwa huko kwa mazoezi ya kufundisha. Mtoto atakayetajwa humu ni wa mfano tu. Hakusudiwi mtoto yeyote mahususi.

Jina na maana yake

Neno kipandauso limeundwa kwa mofimu tunazozifahamu vyema: kiambishi ki-, kitenzi panda na nomino uso. Ni nomino ambatani iliyojengwa kama kifunguakinywa na kipazasauti. Maana yake ya wazi ni kitu kinachopanda usoni.

Ni vizuri kulilinganisha jina hili na majina ya lugha nyingine. Jina linalotumiwa na Waingereza na Wafaransa lilitokana na neno la Kigiriki hemikrania, yaani nusu ya fuvu, ambalo lilitumiwa na Galen, tabibu mashuhuri wa karne ya 2. Waarabu nao huuita ugonjwa huu shaqiqa, neno lenye mzizi wa kupasua na kugawanya. Majina yote mawili yanauchukulia ugonjwa kuwa wa upande mmoja wa kichwa. Kiswahili hakikuhesabu nusu; kilitaja uso.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Kwa watu wazima, maumivu aghalabu hukaa upande mmoja. Kwa watoto, mara nyingi hushika pande zote mbili, hasa kwenye paji la uso na kwenye panja. Hivyo basi, anayemwambia mzazi kuwa "hiki si kipandauso kwa sababu kichwa chote kinauma" anamhukumu mtoto kwa kipimo cha mtu mzima. Kwa upande wa watoto, jina letu liko karibu zaidi na ukweli wa ugonjwa kuliko majina ya Wagiriki na Waarabu.

Neno jingine linalohitaji uangalifu ni sugu. Katika mazungumzo ya kawaida, ugonjwa sugu ni ule unaodumu au unaorudi kwa miaka. Matabibu wanapotaja kipandauso sugu huwa na maana finyu zaidi: mgonjwa anaumwa na kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, na angalau siku 8 kati ya hizo zina sifa za kipandauso. Mtoto anayeshambuliwa mara 3 au 4 kwa mwezi hajafikia kiwango hicho. Hata hivyo, naye anahitaji msaada, na msaada wa mapema huenda ukamzuia kufika huko.

Dalili zake

Kwa mtu mzima asiyetibiwa, shambulio la kipandauso hudumu kati ya saa 4 na saa 72. Kwa mtoto laweza kudumu saa 2 tu. Ndiyo maana anaweza kuwa mahututi saa 3 asubuhi na akawa mzima kabla ya chakula cha mchana. Maumivu huwa ya wastani au makali, hupwita kwa mapigo ya moyo, na huzidi mtoto anapotembea au kupanda ngazi. Fauka ya hayo, huja na kichefuchefu au kutapika, au na kuuchukia mwanga na kelele. Mtoto mdogo huenda asiseme kwamba mwanga unamuudhi. Atajifunika shuka usoni au atajificha chumba chenye giza. Tendo hilo nalo ni lugha.

Baadhi ya wagonjwa hupatwa na aura kabla ya maumivu. Huona vimulimuli, mistari ya zigizaga inayometameta, au sehemu ya kile wanachokitazama hutoweka. Wengine hupata ganzi ya mkono au ya mdomo, na wengine hushindwa kutamka maneno. Kwa kawaida dalili hizi hukua polepole kwa muda wa dakika kadhaa na kutoweka katika muda wa saa 1. Wapo pia watoto ambao kwao ugonjwa hujitokeza tumboni: tumbo huuma katikati, mtoto hugeuka rangi na kukataa chakula, kisha baada ya saa kadhaa hupona kabisa. Baadhi yao hupata kipandauso cha kichwa wanapokua.

Ugonjwa huu hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Mara nyingi mzazi akiulizwa vizuri hukumbuka kwamba hata yeye, au mama yake, alikuwa na "ugonjwa wa kichwa" uliomlaza gizani. Kabla ya kubalehe wavulana huupata takriban sawa na wasichana. Baada ya hapo wasichana huwazidi, na hedhi huwa mojawapo ya sababu.

Kinachotendeka ubongoni

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kipandauso ni ugonjwa wa mishipa ya damu inayotanuka. Leo wataalamu wanakubaliana kwamba ni ugonjwa wa ubongo wenyewe na neva zake. Mwaka 1944 Aristides Leão, mtafiti kutoka Brazili, alieleza wimbi lililotambaa juu ya gamba la ubongo wa sungura kwa mwendo wa milimita chache kwa dakika, huku likizima utendaji wa seli lilikopita. Baadaye wimbi la namna hiyo lilihusishwa na aura. Neva kubwa inayopeleka hisia za uso na za utando wa ubongo huamshwa, ikatoa kemikali zinazochochea maumivu. Ni neva ya uso hasa. Kwa mara nyingine jina letu halikwenda mbali.

La muhimu kwa mzazi ni hili: ubongo wa mtoto mwenye kipandauso huyahisi mabadiliko kuliko ubongo wa wengine. Kulala kidogo, kula kwa kuchelewa, jua kali baada ya kivuli, wasiwasi, na hata utulivu wa ghafla baada ya wasiwasi, vyote huusumbua. Mtoto hajaumba maumivu hayo kwa akili yake, wala hawezi kuyafukuza kwa kukemewa.

Maneno ya mtoto

Mtoto anaposema, "Mwalimu, naumwa na kichwa," amesema kweli lakini hajasema mengi. Kitenzi kuuma hubeba kila aina ya maumivu. Kiswahili kina vitenzi vingine vya kumsaidia. Kichwa huwanga au hupwita kinapopiga kama ngoma. Hubana kinapokazwa kama kwa kamba. Huchoma kinapodungwa kama kwa sindano. Macho huingia kiwi mwanga unapoyazidi nguvu, na huona maruerue yasiyokuwepo. Kizunguzungu si kichefuchefu, na ganzi si udhaifu. Maneno haya si mapambo ya insha. Maumivu yanayopwita huelekeza kwenye kipandauso, ilhali yanayobana kichwa chote bila kichefuchefu huelekeza zaidi kwenye maumivu ya mkazo wa misuli.

Katika Meru na Embu, jambo hili lina uzito wa kipekee. Mtoto huzungumza Kimeru, Kiembu, Kimbeere, Kichuka au Kitharaka nyumbani. Chini ya mtaala wa umilisi, mafunzo hadi Gredi ya 3 hutarajiwa kutolewa kwa lugha inayotumika katika eneo la shule. Baadaye hukutana na Kiswahili na Kiingereza, na cheti cha hospitali huandikwa kwa Kiingereza. Katika safari hiyo ya lugha, maelezo hupungua. Nyanya amesikia mengi kwa lugha ya nyumbani, mwalimu amesikia nusu kwa Kiswahili, na daktari anabakia na maneno mawili ya Kiingereza. Inafaa basi mtoto aachwe aeleze kwanza kwa lugha aliyoizoea, kisha mtu mzima amtafsirie bila kupunguza wala kuongeza.

Asiye na maneno na achore. Mwaka 2002, Carl Stafstrom na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti ambapo watoto 226 waliombwa wachore maumivu yao ya kichwa kabla ya kuhojiwa. Mara nyingi uamuzi uliotolewa kwa kuitazama michoro hiyo ulikubaliana na ule wa daktari. Wengine walichora nyundo, wengine nyota mbele ya macho, wengine mtoto aliyelala gizani. Karatasi moja na penseli vinapatikana katika kila shule ya Igembe na ya Mbeere.

Vichochezi: mawingu na mvua

Kichochezi ni jambo linaloweza kuanzisha shambulio kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa. Si chanzo cha ugonjwa. Chanzo kimo katika maumbile ya ubongo; kichochezi ni kiberiti tu, na kiberiti hakiwashi moto pasipokuwa na kuni.

Kuna makosa mawili ambayo wazazi wengi huyafanya katika kuvitafuta vichochezi. Kosa la kwanza ni kuichanganya dalili na sababu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini hakuna anayesema kwamba akiyafukuza mawingu ameizuia mvua ya mwaka mzima. Saa kadhaa kabla ya maumivu, hata siku nzima, ubongo huwa umekwisha kuanza kubadilika. Mtoto hupiga miayo, hununa, huchoka, hutamani vitu vitamu au huanza kuuchukia mwanga. Akila peremende wakati huo, kisha kichwa kikamuuma, mama atasema kwamba peremende ndizo zilizomponza. Huenda ni kinyume: shambulio lililokuwa njiani ndilo lililomfanya azitamani. Ndiyo maana vyakula vingi vilivyolaumiwa, chokoleti ikiwemo, havina ushahidi thabiti dhidi yao.

Kosa la pili ni kutafuta kichochezi kimoja cha daima. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto anaweza kukosa usingizi leo asiumwe. Kesho akikosa usingizi, akaenda bila kunywa chai, kisha akasimama juani gwaride likikaguliwa, kibaba hujaa na kumwagika. Anayetazama jua peke yake atalilaumu jua, naye atashangaa kwa nini juma lililopita jua lilikuwa kali zaidi na mtoto hakulalamika.

Mazingira ya Meru na Embu

Baadhi ya vichochezi ni vya kila mahali, lakini huvaa sura ya mahali vilipo. Tuanze na usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 hushauriwa kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Anayeamka saa 10 alfajiri ili awahi masomo ya asubuhi, na aliyemaliza kazi za ziada saa 4 usiku, amelala saa 6 tu. Akifidia Jumamosi kwa kulala hadi saa 5 mchana, huenda akaumwa pia, kwa kuwa mabadiliko yenyewe ni kichochezi.

Chakula na maji ni jambo la pili. Kwenye miteremko ya majani chai na kahawa, wazazi huondoka mapema kwenda kuchuma, na siku za soko huondoka mapema zaidi. Chai isipopikwa, mtoto huenda shule na tumbo tupu. Katika nyanda za chini za Mbeere na Tharaka, ambako jua ni kali na mito ya msimu hukauka, mtoto hutembea mwendo mrefu bila maji. Mwanga unaoakisiwa na mapaa ya mabati na vumbi jeupe nao huongeza lake.

Jambo la tatu ni miraa ya Nyambene na muguka wa Mbeere. Mimea hii ni riziki ya maelfu ya familia, na hatukusudii kuyahukumu maisha yao hapa. Hata hivyo, majani yake yana kathinoni, kemikali ya kuchangamsha inayoondoa usingizi na hamu ya chakula. Mtoto anayeonja majani hayo wakati wa kuvuna hujipatia vichochezi viwili kwa mara moja. Anayeumwa na kichwa mara kwa mara na aulizwe kwa upole, si kwa vitisho. Akitishwa ataficha, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Jambo la nne ni moshi na baridi. Kati ya Juni na Agosti, ukungu na manyunyu hutanda kwenye nyanda za juu, na familia huota moto ndani ya nyumba. Moshi wa kuni waweza kuchochea kipandauso. Lakini jiko la makaa katika chumba kilichofungwa ni hatari ya aina nyingine kabisa. Hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huleta maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu, na inaweza kuua. Ikiwa watu kadhaa katika nyumba moja wanaamka na vichwa vinavyouma, na wanapata nafuu wakitoka nje, hicho si kipandauso. Jiko litolewe nje, milango ifunguliwe, na waende hospitalini mara moja.

Daftari

Tumefika kwenye kiini cha makala haya. Kumbukumbu ya binadamu hupenda kuhifadhi yale yanayoafiki imani yake. Dawa ya udhaifu huo ni maandishi. Daftari la kawaida la shule latosha. Kila siku, kwa muda wa majuma 8 au zaidi, mtoto na mzazi waandike mambo haya: saa aliyolala na saa aliyoamka; alikula nini na saa ngapi; alikunywa maji kiasi gani; alicheza au alifanya kazi gani; alikuwa na furaha au hofu gani; na kwa msichana aliyebalehe, siku za hedhi. Akiumwa, waongeze saa maumivu yalipoanza na kwisha, mahali palipouma, neno alilolitumia mtoto mwenyewe, ukali wake kutoka 0 hadi 10, dalili nyingine, na dawa aliyopewa.

Sharti kuu ni kwamba siku njema nazo ziandikwe. Wengi huandika siku za maumivu tu, na hapo ndipo wanapopotoka. Tumchukulie mtoto wetu wa mfano, mwenye miaka 10, anayesoma Gredi ya 5 katika kijiji kilicho kati ya Runyenjes na Chuka. Katika siku 56 ameumwa siku 8. Mama yake anaamini kwamba ndizi mbivu ndizo zinazomdhuru, kwa sababu siku 4 kati ya hizo 8 alikuwa amekula ndizi. Ushahidi huo unaonekana mzito hadi tuzisome kurasa nyingine. Mtoto huyu alikula ndizi siku 30, akaumwa siku 4. Hakula ndizi siku 26, akaumwa siku 4 vilevile. Ndizi hazina hatia.

Sasa tuitazame safu ya kifunguakinywa. Alikikosa siku 10, na katika siku hizo aliumwa mara 5. Alikipata siku 46, na akaumwa mara 3 tu. Tena, siku nyingi alizokikosa zilikuwa za soko. Hapa pana jambo la kufanyia kazi: uji upikwe usiku na kuwekwa katika chupa ya chai, mtoto aunywe kabla ya kuondoka. Baada ya hapo waendelee kuandika. Kama siku za maumivu zitapungua, dhana yao imepata nguvu. Kama hazitapungua, watafute kwingine. Wabadilishe jambo moja kwa wakati, la sivyo hawatajua ni lipi lililosaidia.

Tahadhari moja ni muhimu. Daftari lisigeuzwe kuwa hati ya mashtaka. Mtoto akiulizwa kila jioni, "Leo umefanya kosa gani hata ukaumwa?" atajifunza kusema uongo. Vilevile, lengo la kuvijua vichochezi si kumfungia mtoto ndani asione jua, asicheze, asile. Maisha yenye utaratibu, yaani kulala, kula, kunywa maji na kucheza kwa nyakati zisizobadilikabadilika, humfaa kuliko orodha ndefu ya makatazo.

Dawa na uwezo wake

Shambulio linapoanza, mtoto alazwe mahali penye giza na utulivu, apewe maji kidogo kidogo, na dawa itolewe mapema. Dawa zinazotumiwa kwanza kwa kawaida ni ibuprofeni au parasetamoli, kwa kipimo kinachofuata uzito wake kama atakavyoshauri mhudumu wa afya. Vidonge vya mchanganyiko vinavyouzwa dukani kando ya sukari na sabuni havimfai. Baadhi yake vina aspirini, ambayo haipaswi kupewa mtoto wa chini ya miaka 16 bila agizo la daktari, kwa kuwa imehusishwa na ugonjwa wa nadra unaodhuru ini na ubongo. Isitoshe, dawa za maumivu zikitumiwa siku nyingi mno huleta maumivu zenyewe; kwa dawa za kawaida mpaka huo ni siku 15 kwa mwezi. Safu ya dawa katika daftari ndiyo itakayolifichua jambo hilo.

Kuhusu dawa za kuzuia, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 nchini Marekani una funzo kubwa. Watoto na vijana wa miaka 8 hadi 17 waligawanywa katika makundi matatu: la amitriptilini, la topiramati, na la vidonge visivyokuwa na dawa. Siku za maumivu zilipungua kwa nusu au zaidi kwa asilimia 52 ya kundi la kwanza, asilimia 55 ya la pili, na asilimia 61 ya kundi lisilopewa dawa. Asije mtu akasema kwamba ugonjwa wao ulikuwa wa kujisingizia. Funzo ni kwamba mtoto anayeaminiwa, anayefuatiliwa na kuandikiwa hali yake hupata nafuu kwa kiasi kikubwa. Utafiti mwingine wa mwaka 2013, uliohusu watoto 135 wenye kipandauso sugu, ulionyesha kwamba amitriptilini ikiambatana na mafunzo ya kuikabili hali kwa fikra na mazoezi ya kutuliza mwili ilileta nafuu ya nusu au zaidi kwa asilimia 66, ilhali dawa hiyo pamoja na elimu ya kawaida kuhusu ugonjwa ilileta nafuu hiyo kwa asilimia 36. Dawa zina nafasi yake, na daktari ndiye atakayeamua; ila haziwezi kuchukua nafasi ya kusikiliza.

Dalili za hatari

Si kila kichwa kinachouma ni kipandauso. Homa ikiandamana na maumivu ya kichwa, hasa katika nyanda za chini ambako mbu huzaliana, mtoto apimwe malaria. Macho nayo yapimwe, kwani huenda mtoto haoni ubao vizuri. Mtoto apelekwe hospitalini bila kukawia ikiwa maumivu yameanza ghafla kwa ukali ambao hajawahi kuuona. Ikiwa ana homa na shingo imekakamaa. Ikiwa maumivu humwamsha usingizini au huja kila alfajiri pamoja na kutapika. Ikiwa amepata kifafa, udhaifu wa upande mmoja, kuyumba au makengeza mapya. Ikiwa ameumia kichwa. Au ikiwa ana umri mdogo, chini ya miaka 6. Aura inapotokea kwa mara ya kwanza pia humhitaji daktari.

Shule na nyumbani

Mwalimu hawezi kuutibu ugonjwa huu, lakini anaweza kuuzidisha au kuupunguza. Anayemruhusu mtoto kuwa na chupa ya maji darasani, kuketi mbali na dirisha lenye jua, na kulala kwa saa moja mahali patulivu, humrudisha darasani mapema kuliko anayempeleka nyumbani kila mara. Kazi aliyoikosa apewe baadaye bila kejeli. Kumchapa kwa "uvivu" si ukatili tu. Ni kosa la kisheria, kwa kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko na mateso ya kiakili dhidi ya mwanafunzi.

Nyumbani, ndugu zake waelezwe ugonjwa huu kwa maneno mepesi ili wasidhani kwamba anapendelewa. Mzazi naye asijilaumu. Mama aliyekosa kupika chai siku ya soko hakumletea mwanawe ugonjwa. Alikuwa akitafuta riziki yao.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba kipandauso cha watoto ni ugonjwa halisi wa ubongo, kwamba dalili zake hutofautiana na za watu wazima, na kwamba vichochezi vyake hujikusanya kidogo kidogo kama nafaka katika kibaba. Tumeonyesha pia kwamba zana kuu za kuutambua ni mbili ambazo sisi wanalugha tunadai kuzimiliki: neno lililochaguliwa vizuri na maandishi yanayotunzwa kwa uaminifu.

Baadhi ya wasomaji wa jarida hili watasimama mbele ya darasa huko Maua, Nkubu, Siakago au Manyatta muhula ujao. Atakuwepo mtoto aliyelaza kichwa juu ya dawati, huku wenzake wakimcheka. Kabla ya kumwamuru ainuke, mwalimu na ainame kidogo amwulize kwa sauti ya chini: "Mwanangu, kichwa kinakuwanga, kinakubana, au kinakuchoma?" Kisha asubiri jibu. Yamkini itakuwa mara ya kwanza mtoto huyo kuulizwa swali hilo na mtu aliye tayari kumwamini.